UZI: Udongo unaweza kutuonesha madini yaliyozikwa chini? Wenye mashamba Pemba na Unguja mnaoambiwa mna dhahabu, piteni hapa kwanza

#1 Keekee (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zinazonijia kutoka nyumbani Pemba siku hizi zina swali moja tu. Mtu kaja shamba na kimashine kinacholia, kazunguka mikarafuuni, kisha kamwambia mwenye shamba kwamba chini pana dhahabu. Baada ya hapo anataka pesa za "kipimo cha pili". Kuna wazee wameshauza ng'ombe. Kazi yangu mimi ni hii hii ya kupima udongo kutafuta madini, naifanyia bara, Kanda ya Ziwa na upande wa Handeni, na inaniuma kuona elimu ninayoiheshimu inageuzwa chambo cha kuwalia watu wetu.

Elimu yenyewe ni ya kweli. Inaitwa jiokemia ya udongo. Wasovieti waliitumia kwa upana tangu miaka ya 1930, na miaka ya 1950 watafiti wa Imperial College ya London chini ya John Webb wakaifanyia kazi sana katika nchi za Afrika, ikiwemo Zambia ya leo. Hata nikeli ya Kabanga kule Ngara ilifuatiliwa kwa njia hii: mradi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 1970 ulipima mashapo ya mito na udongo, namba zikapanda, ndipo mashine za kuchoronga zikaletwa.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwamba wenye madini ukikaa chini, maji ya mvua yanaupenya na hewa inaufikia. Salfaidi zake, yaani madini yenye salfa, zinaoza na metali inaachiwa kidogo kidogo. Nyengine inabaki papo hapo katika udongo unaozaliwa na mwamba huo. Nyengine inapanda na unyevu wakati wa kiangazi, nyengine inavutwa na mizizi ikarudi juu majani yanapopukutika, nyengine inapandishwa na mchwa. Miaka ikishakuwa mingi sana, juu ya mwamba pana doa la metali, na doa hilo ni pana kuliko mwamba wenyewe. Mshipa wa mita mbili unaweza kuacha doa la makumi ya mita. Tunalolitafuta sisi ni doa, kwa sababu mshipa wenyewe hauonekani.

Sasa tazameni ukubwa wa namba. Udongo wa kawaida una dhahabu chini ya sehemu 5 kwa bilioni, yaani miligramu 5 katika tani nzima. Tukikuta 30 au 50, tena kwenye mistari miwili mitatu inayofuatana, hapo tunasimama tukachunguza. Hiyo 50 ni miligramu 50 kwa tani. Jicho haliioni. Na kimashine cha kulia hakiwezi kuihisi hata siku moja, kwa sababu kile kinahisi kipande cha metali: msumari, sarafu, kizibo cha soda, au tonge la dhahabu lililokaa karibu na uso wa ardhi. Dhahabu iliyosambaa kwenye udongo kwa kiwango cha sehemu chache kwa bilioni, kwake ni sawa na hakuna.

Kazi ya kweli haina kelele. Unachora mistari inayokata ule uelekeo wa miamba, mathalan mita 200 baina ya mstari na mstari, na katika kila mstari unachukua udongo kila mita 25 au 50. Unaondoa majani na ule udongo mweusi wa juu, unachimba mpaka rangi inapobadilika, mara nyingi sentimita 30 hadi 50, hapo ndipo unapochukua. Mchukuaji havai pete wala bangili, kwa sababu mkwaruzo mdogo wa pete unatosha kuharibu jibu. Udongo unakaushwa, unachekechwa kwa chekeche lenye matundu madogo kabisa (sehemu ya tano ya milimita hivi), na ule unga ndio unaokwenda maabara katika mfuko wa karatasi ngumu wenye namba. Daftarini unaandika rangi, kina, mteremko, kama pana barabara karibu, kama pana shamba. Daftari hilo lina thamani sawa na mfuko.

Maabara kuna njia mbili kubwa. Kwa dhahabu, gramu 30 au 50 zinayeyushwa tanuruni pamoja na risasi (ile metali laini nzito), risasi inaikusanya dhahabu, kisha risasi inaondolewa na kinachobaki ndicho kinachopimwa. Kwa metali nyengine udongo unayeyushwa kwa asidi ya haidrokloriki na ya nitriki, tatu kwa moja, na mashine inasoma elementi makumi kwa pamoja. Hizo nyengine tunazitaka kwa sababu dhahabu ina wafuasi wake: aseniki, antimoni, bismuthi, teluri. Pahala pengi aseniki inaenea mbali kuliko dhahabu yenyewe, kwa hivyo unaifuata aseniki, inakupeleka.

Lakini kabla ya yote hayo pana swali ambalo wenye vimashine hawaliulizi: udongo huu umezaliwa hapa, au umeletwa? Kanda ya Ziwa kuna mbuga, ule udongo mweusi wa kunata, umeletwa na maji ukatandazwa juu ya miamba yenye dhahabu. Ukipima juu ya mbuga unapata sifuri, na dhahabu ipo chini yake. Ukipima udongo ulioletwa na mto kutoka kilima cha mbali unapata namba nzuri, na chini yake hamna kitu. Namba bila ya kujua asili ya udongo haina maana.

Na swali la pili: chini kuna mwamba gani? Dhahabu ya Geita iko katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyopikwa na kukunjwa. Visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mfinyanzi, sehemu kubwa vya enzi ya Miosini na baada yake, yaani miaka milioni 23 kuja leo. Visima vya kutafutia mafuta vilivyochimbwa Unguja miaka ya 1950 na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilishuka karibu kilomita 4, na vilikuwa bado vimo ndani ya matope, mchanga na chokaa. Mwamba wa kale kama wa Geita, kama upo, uko chini ya hapo. Hakuna doa litakalopanda kilomita 4 likafika kwenye shina la mkarafuu.

Maswali yaje.

#2 Mwana_Kengeja

Wa alaykum salaam maalim. Shukran, umenifungua macho, ila mie bado sijaridhika na kitu kimoja.

Mimi sikukubali kimashine. Nilichukua udongo mwenyewe, mjomba wangu aliyeko Mwanza akaupeleka maabara. Shamba letu la juu jibu limekuja aseniki 14 kwa milioni, la bondeni 3. Yule jamaa wa kimashine nilipomuonesha karatasi akaruka, akasema "umeona, aseniki ni mfuasi wa dhahabu, la juu ndilo lenye mali." Na wewe umesema maneno hayo hayo. Sasa nishike lipi?

#3 Keekee

Mwana Kengeja, swali lako ndilo zuri kuliko yote, na nakupongeza kwa kupeleka maabara. Nieleze: la juu ni kinongo chekundu, ule udongo wa juu ya mawe ya matumbawe, na la bondeni ni kichanga? Na karatasi ina mstari wa chuma? Nipe namba za chuma pande zote mbili.

#4 Mwana_Kengeja

Ndiyo, la juu kinongo chekundu kabisa, mawe yanatokeza. La bondeni kichanga cheupe. Chuma: la juu asilimia 7, la bondeni 1.5.

#5 Keekee

Basi gawa mwenyewe. 14 kwa 7 ni 2. 3 kwa 1.5 ni 2. Aseniki kwa kila asilimia moja ya chuma ni sawasawa pande zote mbili. La juu halina aseniki ya ziada, lina chuma cha ziada.

Sababu yake ni namna kinongo kinavyozaliwa. Jiwe la matumbawe likinyeshewa miaka na miaka, chokaa inayeyuka inakwenda na maji. Kinabaki kile kidogo kisichoyeyuka, yaani udongo mfinyanzi na chuma, na chuma hicho kikipata kutu ndicho kinachotia wekundu. Jiwe jingi sana linaacha kinongo kidogo. Na kutu ya chuma inazivuta metali na kuzishikilia: aseniki, kromiamu, nikeli, shaba. Kutu ya manganizi vilevile, ile inayofanya vidoa vyeusi. Kwa hivyo popote penye kinongo, iwe Kengeja, iwe Makunduchi, namba zitakuwa juu kuliko kichanga cha jirani. Kichanga kimeoshwa. Nendeni msitu wa Ngezi mkaone mchanga ulivyo mweupe, maji yameuchuja mpaka hauna pa kushikia metali.

Ndiyo maana mpimaji anayejua kazi hachanganyi kinongo, kichanga, kinamo (udongo wa kunata) na maweni (penye mawe matupu) katika kapu moja. Kila udongo una kawaida yake. Wazee wetu waliupa udongo majina haya kwa ajili ya kilimo, na mimi nikipewa kazi ya kupima kisiwa chochote kati ya hivi viwili, nitaanza na majina hayo hayo kabla ya kupiga mstari wa kwanza.

Ungeniletea kinongo chenye chuma 7 na aseniki 80, ningeuliza maswali mengine. Na la kwanza lingekuwa kama pana mtu alimwaga dawa ya mifugo au ya mbao pahala hapo, kwa sababu dawa za zamani za kuogeshea ng'ombe zilikuwa na aseniki.

#6 Duara_la_Nne

Mimi niko Geita, mchimbaji mdogo. Naunga mkono asilimia zote. Niongeze la vichuguu. Huku mzee akikuta kichuguu kikubwa kwenye uelekeo wa rifu, yaani mshipa wa dhahabu, anachukua udongo wake, anatwanga, anaosha kwenye karai. Mchwa anashuka chini kufuata maji, anapandisha vipunje. Je, hilo wataalamu mnalikubali au mnaona ni mambo ya kienyeji?

#7 Keekee

Tunalikubali na tunalitumia. Afrika Magharibi, Zambia, Botswana, kampuni zinachukua sampuli za vichuguu makusudi. Mgodi wa almasi wa Jwaneng, Botswana, ulikuwa umefunikwa na mchanga wa Kalahari wa makumi ya mita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliona juu ya mchanga huo vipunje vya ganeti na ilmenaiti, madini yanayofuatana na miamba ya almasi, na maelezo yanayokubalika ni kwamba mchwa ndio waliovipandisha. Leo Jwaneng ni miongoni mwa migodi ya almasi yenye thamani kubwa kabisa duniani.

Mimea nayo ina habari zake. Zambia na Kongo kuna ua dogo linaloota panapokuwa na shaba nyingi ambapo mimea mingine inashindwa, na watafutaji walilifuata. Australia mwaka 2013 wanasayansi wa CSIRO, shirika la utafiti la nchi hiyo, walionesha vipunje vya dhahabu ndani ya majani ya mikalitusi, iliyovutwa na mizizi kutoka kina cha zaidi ya mita 30. Kiwango chenyewe ni kidogo mno, hakuna atakayetajirika kwa kuchoma majani, lakini kwa mtu anayetafuta pa kuchoronga ni dalili.

Tahadhari moja tu kuhusu kichuguu: usilinganishe namba ya kichuguu na ya udongo wa kawaida. Mchwa anachagua chembe ndogo na udongo mfinyanzi. Kichuguu kilinganishwe na kichuguu.

#8 Mwanachuo_Tunguu

Maalim Keekee, mimi nasoma chuo kikuu cha SUZA, si jiolojia lakini tunasoma takwimu. Kwenye kitabu nimeona wanasema chukua wastani, jumlisha mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha namba zinavyotawanyika), kilichozidi hapo ndicho cha kufuatilia. Ndivyo mnavyofanya?

#9 Keekee

Ndivyo ilivyofundishwa zamani, na bado wapo wanaofanya. Tatizo ni kwamba namba za metali kwenye udongo hazikai sawa pande mbili za wastani. Nyingi ni ndogo, halafu zipo chache kubwa sana. Hizo chache zinauvuta wastani juu, zinautanua mkengeuko, na mpaka wako unapanda ukazificha namba za kati ambazo ndizo zenye habari. Afadhali utumie namba ya katikati, ile inayogawa orodha nusu kwa nusu, na upime umbali wa nyengine kutoka hapo. Au ugeuze namba kuwa logi kwanza. Na kila aina ya udongo peke yake, kama nilivyomjibu ndugu yetu wa Kengeja.

Lakini mimi kwa kweli naiamini ramani kuliko mpaka wowote. Namba moja kubwa iliyosimama peke yake simkimbilii mtu kumwambia. Hasa dhahabu. Chukua punje moja ya dhahabu safi yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, ikiingia kwa bahati katika zile gramu 30 za maabara, jibu linaruka zaidi ya 300 kwa bilioni. Ukirudia mfuko huo huo, punje haimo, unapata 4. Kwa hivyo tunatazama majirani: mstari huu umepanda, wa pili umepanda pahala panapolingana, wa tatu pia, na aseniki imefuata. Hapo ndipo pana habari. Kuna wanaopunguza tatizo la punje kwa kupima kilo kadhaa kwa wakati mmoja katika maji ya sianidi badala ya gramu 30.

Na katika kila mifuko 20 au zaidi kidogo, tunaingiza mfuko wa marudio, mfuko wa udongo ambao namba yake inajulikana, na mfuko ambao hauna kitu. Maabara haijui upi ni upi. Ule usio na kitu ukirudi na dhahabu, kundi zima linarudishwa.

Wewe mwenye takwimu ungetufaa sana katika kazi hii, usiidharau.

#10 Upepo_wa_Kusi

Mie mvuvi, Unguja upande wa magharibi. Bahari ikichafuka kusi, ikitulia tunakuta mistari myeusi kwenye mchanga wa pwani. Mzito ule mchanga, ukiushika unauona una uzito wake. Kuna mtu kaja kuuchota ndooni. Ni nini?

#11 Keekee

Mchanga mzito. Mawimbi yanapeleka chembe nyepesi, zile nzito zinabaki zimejipanga kwa mistari. Mara nyingi ndani yake mna magnetaiti, ilmenaiti, ganeti, zirkoni. Ilmenaiti na rutaili ndizo zinazotoa titani, inayotumika kutengenezea rangi nyeupe. Kwale, Kenya, walichimba mchanga wa aina hiyo katika vilima vya kale vya mchanga kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024. Pwani yetu ya bara nayo ina maeneo yaliyotafitiwa.

Chukua sumaku ya spika, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu. Kinachorukia haraka ni magnetaiti. Ilmenaiti inavutwa kwa uvivu. Hilo litakuonesha kuna nini kwa makadirio, lakini mstari mweusi wa kidole kimoja ufukweni hauwi mgodi. Mgodi wa mchanga ni mamilioni ya tani. Na ufukwe ukichotwa bahari inaingia, hilo nyinyi wavuvi mnalijua kuliko mimi. Mtu anayechota ndoo bila ya kibali aulizwe na sheha. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mchanga wake ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na kombe zilizosagika, huko mistari hiyo ni nadra.

Na tukiwa pwani: ukiona shaba au zinki imepanda karibu na pahala pa kutengenezea boti, usikimbilie kusema madini. Rangi ya kupaka chini ya boti ina shaba, na mabati ya zamani yanatoa zinki.

#12 Mtu_wa_Haki

Nimesoma kimya mpaka sasa. Naomba niseme wazi: kila mara Wazanzibari tukisikia tuna mali, anatokea msomi kutuambia hatuna. Nani amepima kisiwa chote? Zipo njia mpya zinazoona chini sana, nimesoma za Australia. Kwa nini ufunge mlango?

#13 Keekee

Ndugu yangu, hasira yako naielewa na siidharau. Nakujibu kwa nia njema.

Njia unazozisema zipo. Miaka ya 1990 Waaustralia walianzisha upimaji wa ioni zinazotembea, yaani chembe ndogo mno za metali zenye chaji: badala ya kuyeyusha udongo wote kwa asidi kali, unaulowesha kwa maji yenye dawa hafifu yanayochukua zile ioni zilizojibandika juu juu ya chembe, kwa kuwa hizo ndizo zilizopanda karibuni kutoka chini. Inasaidia pale mwamba wenye madini umefunikwa na udongo ulioletwa. Imetumika penye makumi ya mita za kifuniko na hata zaidi. Kilomita 4 ni habari nyengine. Isitoshe, chokaa yetu ni kizuizi chake yenyewe: udongo wenye chokaa unazifunga shaba, zinki na risasi pale pale zinapofika, hazisafiri. Molibdeni ndiyo inayotembea vizuri katika udongo wa namna hiyo.

Sijasema hatuna mali. Nimesema udongo wetu tuuulize maswali yanayouhusu. Chokaa ni mali. Mchanga wa kujengea ni mali, na kila mmoja hapa anajua unavyopungua. Na lipo jengine kubwa zaidi, mwalimu mmoja ameniandikia faragha kulihusu, namwomba alilete hapa.

#14 Mwl_Jografia_Wete

Ahsante Keekee. Nililouliza ni hili. Wanafunzi wangu skuli wananiuliza kuhusu Tundaua, hapa Pemba. Pale mafuta yanatoka yenyewe ardhini, wazee wameyajua zamani. Je, upimaji huu wa udongo unaweza kutumika kwa mafuta na gesi?

#15 Keekee

Unaweza, na kwa visiwa hivi ndio upimaji wenye maana kuliko wa dhahabu.

Tundaua ni mvujo unaoonekana kwa macho. Lakini gesi ikiwa imehifadhika chini, huwa inavuja pia kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana, kupitia nyufa za miamba, mpaka ikafika kwenye udongo. Mpimaji anapiga bomba jembamba la chuma kama mita moja chini, anavuta hewa ya udongo kwa sirinji, anaitia kwenye chupa iliyofungwa. Au anachukua udongo wenyewe na kutoa gesi iliyonasa kwenye chembe.

Mtego upo katika methani. Mabonde ya mpunga ya Pemba yanatoa methani. Mikoko inatoa methani. Vidudu vinavyooza majani penye maji yaliyotuama ndio wanaoitengeneza, na haina uhusiano wowote na mafuta. Mtu akikuletea namba ya methani peke yake kutoka bondeni, hajakuletea kitu. Tunatafuta ethani, propani na butani pamoja nayo, kwa sababu vidudu vya bondeni havizitengenezi kwa kiasi cha maana, zile zinatoka kwenye joto la chini. Kisha tunapima kaboni yenyewe: methani ya vidudu ina kaboni 13, yaani kaboni nzito, kidogo kuliko methani iliyopikwa chini. Vipimo hivyo viwili vikikubaliana ndipo unapoanza kuzungumza.

Hata hapo, gesi haipandi wima kama moshi wa jiko. Inafuata nyufa, na ufa unaweza kuitoa mbali na pale ilipo. Kwa hivyo hewa ya udongo haichagui pa kuchimba kisima peke yake. Inakwenda pamoja na upimaji wa mitetemo, ule wa kutuma mawimbi chini kuonesha tabaka za miamba. Mambo haya yana sheria yake, ile ya mafuta na gesi ya Zanzibar ya mwaka 2016, na kitalu cha Pemba–Zanzibar kilitiwa saini na kampuni ya RAK Gas Oktoba 2018. Hakuna mtu binafsi anayeweza kuja shambani kwako akakuuzia "hisa za gesi".

Waambie wanafunzi wako wachukue bonde moja la mpunga na kilima kimoja kilicho jirani, wachore ramani ya udongo tu: rangi, unyevu, kina cha mabadiliko. Siku upimaji wa kweli ukija, ramani kama hizo zina kazi.

#16 Mtu_wa_Haki

Hili la methani ya mpunga sikulijua. Nimekuelewa Keekee. Bado nataka kisiwa chote kipimwe, ramani iwekwe wazi kwa kila mtu.

#17 Keekee

Hapo tuko pamoja kabisa, tena kwa sababu zaidi ya madini. Nchi nyingi zimepima udongo wao wote kwa mpangilio na kuweka ramani hadharani. Ramani hiyo ingewaambia wakulima pahala zinki inapofungwa na chokaa, maana mpunga na mahindi vinaugua vikikosa zinki. Ingetuambia kawaida ya risasi na aseniki yetu kabla ya viwanda na majaa kuongezeka, ili kesho mtu akichafua tuwe na pa kulinganishia. Kila sampuli ni kilo moja ya udongo na namba moja daftarini, kazi ambayo vijana wetu wenyewe wanaweza kuifanya wakifundishwa.

#18 Bint_Mikarafuu

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa haraka. Baba yangu mzee ameshampa mtu wa kimashine nusu ya pesa, na ametia saini karatasi asiyoijua. Yule mtu alituonesha leseni ya uchimbaji mdogo ya bara, na jiwe lenye vimetameta alivyosema vimetoka kwenye kisima chetu. Anarudi wiki ijayo kuchukua nusu iliyobaki. Baba hatusikilizi, anasema mtu ana mashine na karatasi. Tufanye nini?

#19 Duara_la_Nne

Pole dada. Hiyo leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Sheria ya Madini ya Tanzania Bara. Huko Zanzibar haina nguvu yoyote. Mkiweza pigeni picha namba yake.

#20 Keekee

Wa alaykum salaam dada, pole sana, na mpe pole mzee. Usimgombeze. Mfanye awe yeye ndiye anayeuliza maswali, mzee akiuliza mwenyewe atasikia majibu mwenyewe.

Kwanza nendeni kwa sheha kabla ya huyo mtu kurudi, na ile karatasi aliyotia saini mzee. Mtu yeyote anayepima ardhi kwa halali anapita kwa sheha na ana barua ya Idara inayoshughulikia madini Zanzibar. Mwombeni sheha awepo siku hiyo.

Pili, jiwe. Vimetameta vyepesi vinavyobanduka kwa ukucha kama karatasi ni ulanga. Vyenye rangi ya shaba nyeupe, vigumu, vinavyosagika vikawa unga mweusi mkivipiga nyundo, ni pairaiti, inayofanana na dhahabu kwa macho tu. Dhahabu ukiipiga nyundo haisagiki, inatandaza. Fanyeni mbele ya mzee. Na kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hakitoi jiwe la namna hiyo, muulizeni alilitoa kina gani na nani alishuhudia.

Tatu, mwambieni hamna pingamizi na kipimo cha pili, ila kifanywe hivi. Achimbe mbele yenu. Udongo uchanganywe vizuri juu ya turubai safi, ugawiwe mafungu mawili kwa macho ya wote, kila fungu litiwe katika mfuko mpya, ufungwe, sheha atie saini juu ya kifungo. Mfuko mmoja achukue yeye. Wa pili mnabaki nao, mnaupeleka wenyewe maabara. Pesa iliyobaki ilipwe majibu mawili yakishalinganishwa. Mtu wa kazi atakubali bila ya kusita, sisi tunafanya hivyo kila siku baina ya kampuni na kampuni.

#21 Bint_Mikarafuu

Allah akulipe kheri kaka. Nimemsomea baba neno kwa neno. Ameuliza: huo mfuko wetu tukishaupata tuuhifadhi wapi mpaka upelekwe? Na tuuandikie nini?

#22 Keekee

Mwambieni mzee siku ile ile udongo ukauke kivulini kwanza juu ya turubai, mbele ya wote, kabla ya mfuko kufungwa na sheha kutia saini, usiwekwe juani wala juu ya bati. Uwekwe ndani, mbali na mbolea, betri na dawa za shamba. Juu ya mfuko andikeni namba tu kwa kalamu ya wino usiofutika, na namba hiyo hiyo kwenye kikaratasi ndani kabla haujafungwa. Jina la kijiji, tarehe, kina na rangi ya udongo viandikwe daftarini mwenu, si mfukoni, ili maabara isijue umetoka wapi. Ombeni wapime dhahabu, aseniki na chuma kwa pamoja. Majibu yakija yaleteni hapa, na Mwana Kengeja alete na yale yake, tuyaweke kinongo kwa kinongo.